Mshahara Usiokoma

Nanyama alikata sare za shule kwa miaka minane. Kiwanda kilikuwa orofa ya tatu ya jengo moja la Ngara, juu ya maduka ya viatu, na kazi yake ilikuwa kutandika kitambaa tabaka thelathini, kuchora kwa chaki, kisha kupitisha mashine ya kukatia. Mkono ukiteleza mara moja, kaptula thelathini zimeharibika. Katika miaka hiyo yote uliteleza mara moja tu, na hata hiyo ilikuwa wiki aliyokuwa na malaria.

Mwisho wa Januari, shule zilipokwisha kufunguliwa na kazi kupungua, aliaga. Alikuwa amekodi chumba kando ya barabara huko Waithaka, dakika tano kutoka nyumbani kwake, akaingiza cherehani mbili na meza aliyotengenezewa na mumewe Sammy, ambaye ni fundi wa ujenzi. Hakuondoka kwa ugomvi. Gichuru, mwenye kiwanda, alimshika mkono akamwambia kwamba zile siku ishirini na tatu za likizo ambazo hakuwahi kuzichukua zitalipwa moja kwa moja kwenye akaunti yake.

Mwisho wa Februari ujumbe wa benki uliingia kwenye simu. Elfu ishirini na saba, mia tano na arobaini. Nanyama alikuwa akipiga pasi gauni la mama mmoja wa kwaya. Aliweka pasi kando, akamshukuru Mungu, na wiki hiyo hiyo akanunua ovaloki ya mtumba, ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisichanike. Hakujiuliza kwa nini pesa za likizo zilikuwa sawa kabisa, hadi shilingi ya mwisho, na mshahara uliokuwa ukimfikia kila mwezi. Miezi mingi baadaye, alipokuwa akimsimulia dada yake, hapo ndipo aliposhusha sauti.

"Niliona," alisema. "Jicho liliona. Ni mimi nililiambia lisione."

Mwisho wa Machi pesa ziliingia tena, zile zile. Sasa hapakuwa na namna ya kujidanganya. Tarehe mbili Aprili, kabla ya kufungua chumba cha kazi, alimpigia simu Kitavi.

Kitavi ndiye aliyekuwa akitayarisha mishahara pale kiwandani. Alikuwa Mkamba wa miaka hamsini na minne, mtu wa maneno machache, ambaye alivaa sweta hata mwezi wa Februari. Nanyama alikuwa na deni kwake ambalo halikuandikwa popote. Miaka mitano nyuma baba yake alifariki Webuye katikati ya Januari, wakati kiwanda kilikuwa hakimruhusu mtu hata kuugua. Alinyimwa ruhusa. Akaenda bila ruhusa, akakaa siku nne, akarudi akijua amefutwa kazi. Lakini katika daftari la mahudhurio alikuta alama zake zote nne zimewekwa. Kitavi alikuwa amemwandikia, na alipojaribu kumshukuru, mzee yule alisema tu, "Enda ukakate nguo."

"Mzee, mshahara umeingia tena," Nanyama alisema kwenye simu.

"Tena vipi?"

"Machi. Na nafikiri hata ya Februari haikuwa likizo."

"Likizo bado sijafanya." Alivuta pumzi. "Ni mimi. Nilisahau kukutoa kwa orodha. Sasa sikiza, Nanyama, usiseme kwa mtu. Kuna mhasibu mkuu mpya anakuja, na mimi tayari nina barua mbili za onyo. Wacha nikutoe, halafu tutaona vile utarudisha pole pole, nipange na ile likizo yako. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Usiseme kwa mtu."

Nanyama alikubali, na kwa wiki chache moyo ulitulia. Lakini Aprili wateja walikuwa haba. Mvua ilinyesha siku baada ya siku, na watu wa Waithaka waliokuwa wakishonewa nguo za Pasaka walikuwa wameshazichukua. Shule zilipofunguliwa kwa muhula wa pili, binti yake Jacklyne, aliyekuwa kidato cha tatu, alihitaji karo. Kodi ya chumba nayo ilidaiwa. Zile pesa za Machi zilikuwa pale pale kwenye akaunti, hazisemi kitu. Nanyama alizitoa akijiambia kwamba atazirudisha kabla hajaulizwa.

Mwisho wa Aprili ziliingia mara ya tatu.

Alimpigia Kitavi mara tatu siku hiyo. Simu iliita hadi ikakatika. Alimtumia ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Safari hii hakutaka kujijaribu. Alienda benki Kawangware, akafungua akaunti ya akiba isiyo na kadi, akaziweka huko zote, hadi zile shilingi arobaini za mwisho.

Wiki mbili baadaye barua ilikuja kwa WhatsApp, imepigwa picha, ina mhuri wa kiwanda. Ilitoka kwa Debra, yule mhasibu mkuu mpya. Ilisema kwamba Nanyama alikuwa amepokea mishahara mitatu ambayo hakuifanyia kazi, akanyamaza kimya. Alitakiwa kurudisha shilingi elfu tisini na sita katika siku saba, la sivyo jambo hilo lingepelekwa polisi.

Aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja na kuisoma tena. Neno lililomchoma si polisi. Ni "akanyamaza kimya".

Jioni Sammy alirudi na vumbi la simiti kwenye nyusi. Alisoma barua pole pole, midomo ikicheza, kisha akairudisha simu mezani.

"Mama Jacky, wewe uliingia ofisini kwao ukatia mkono kwa droo?"

"La."

"Si wao wenyewe walituma? Mimi nikikosea nikajengea mtu ukuta kwa ploti yake, naenda kumwambia anirudishie mawe? Usilipe. Wakitaka waende kortini."

"Na ile ovaloki imesimama pale ni ya nani?"

Sammy alinawa mikono, akala ugali wake na mboga ya sukumawiki, na alipomaliza akasema kwa sauti nyingine, "Lakini tisini na sita wametoa wapi? Wewe hujawahi kupokea thelathini na mbili."

Ni swali lililomsaidia Nanyama kufikiri. Alitoa hati zake za zamani za mshahara kutoka kwenye bahasha ya vyeti na kuzitandaza. Mshahara wake kwenye karatasi ulikuwa elfu thelathini na mbili, lakini kabla haujamfikia ulikuwa umekatwa kodi, pensheni, bima ya afya na tozo ya nyumba. Mara tatu walikuwa wakidai pesa ambazo mkono wake haukuzigusa. Alizochukua ni elfu themanini na mbili na mia sita na ishirini. Hizo alizikubali, ila humo zilipaswa kutolewa pesa za siku zake za likizo.

Basi alijua cha kusema juu ya pesa. Asichokijua ni cha kusema juu ya ile simu ya Aprili.

Aliwaza usiku na mchana. Akimtaja Kitavi, mzee yule angepata barua ya tatu, na kila mtu kiwandani alijua barua ya tatu ni nini. Asipomtaja, basi yeye ndiye aliyenyamaza, na jina lake lingebaki hivyo katika faili ya watu waliomjua kwa miaka minane. Ingekuwa kwamba mzee hakuwahi kumtendea lolote, jambo hili lingekuwa rahisi.

Siku ya nne alimwomba jirani amwangalizie chumba, akaenda Ngara saa za chakula cha mchana. Alijua Kitavi anakokula. Ni kibanda nyuma ya maduka ya vifaa vya umeme, ambapo mama mmoja kutoka Machakos alipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na maharagwe. Kitavi alikuwa peke yake kwenye benchi. Alipomwona aliacha kutafuna.

"Sasa mzee."

"Poa," alisema, ingawa sauti ilisema mengine. "Umekula?"

"Nitakunywa chai."

Aliketi mbele yake. Chai ililetwa. Nje mtu alikuwa akijaribu spika, akiwasha na kuzima wimbo mmoja wa injili.

"Nilipiga simu," Nanyama alisema.

"Niliziona. Ningekwambia nini? Huyo Debra alihesabu watu kwa meza, akahesabu majina kwa orodha. Watu arobaini, majina arobaini na moja. Nilikutoa Aprili, Nanyama. Naapa. Lakini benki walikuwa wameshapata orodha ya zamani."

"Ameandika nilinyamaza."

"Barua wanaandika tu hivyo."

"Kesho naenda kumwona. Ataniuliza kwa nini sikusema. Nitamwambia nilikupigia."

Kitavi aliweka kijiko chini.

"Nimebakisha miaka sita nistaafu," alisema. "Mtoto wa mwisho yuko chuo, mwaka wa pili. Unajua hivyo."

"Najua."

"Sema tu hukujua ni pesa za nini. Sema ulifikiri ni likizo, zote tatu. Watakubali. Wewe umeshatoka, jina lako huko halikuletei chakula. Mimi niko ndani." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, bila kumtazama, "Nilikuandikia siku nne, Nanyama. Ukiwa Webuye. Sikuuliza kitu."

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa, na sasa limesemwa. Nanyama alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Sijasahau hata siku moja," alisema. "Ndiyo maana nimekuja hapa kwanza, sikwenda kwake. Sitaki usikie jina lako likitajwa mbele ya watu kama umeviziwa. Lakini mzee, siwezi kusema nilifikiri ni likizo mara tatu. Hakuna mtu mjinga hivyo. Wataniita mwizi, na Jacky atasikia."

"Kwa hivyo utanimaliza."

"Nitasema ukweli. Na nitasema pia kwamba uliniambia utapanga nirudishe. Hukula hata shilingi."

Kitavi alisimama, akalipa muthokoi ambayo hakuimaliza, akalipa na chai ya Nanyama bila kuuliza. Aliondoka akipita katikati ya watu na sweta lake la kijivu, hakugeuka.

Nanyama hakulala vizuri usiku ule. Asubuhi alivaa ile suti ya bluu aliyojishonea mwenyewe, akaweka hati zake kwenye bahasha, akapanda zile ngazi ambazo miguu yake ilizijua hata gizani. Kwenye chumba cha kushonea wasichana walimpungia mikono juu ya kelele za cherehani. Mtu mwingine alikuwa kwenye meza yake ya kukatia, kijana mrefu aliyeitwa Jamleck, na Nanyama aliona kwamba alikuwa akitandika kitambaa vizuri.

Debra alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, nywele fupi, miwani, dawati halina hata karatasi moja isiyo na kazi. Hakuwa mkali. Alimwonyesha kiti.

"Keti, mama. Umeleta pesa?"

"Nimeleta maneno kwanza, madam. Pesa ziko."

Alitoa hati za mshahara akazipanga juu ya dawati. Alieleza kwa utaratibu, vile alivyokuwa amejisemea njiani. Kwamba hakupokea tisini na sita. Kwamba kodi na makato mengine kiwanda kiliyapeleka chenyewe huko yanakopelekwa, na ni kiwanda kinachoweza kuyadai. Kwamba ana siku ishirini na tatu za likizo hazijalipwa. Debra alisikiliza, akageukia kompyuta, akapiga vibonye kwa muda mrefu.

"Kwa makato una haki," alisema hatimaye. "Barua ile niliiandika kwa haraka. Na likizo naiona hapa, ishirini na tatu." Alivua miwani. "Lakini mama, miezi mitatu. Miezi mitatu pesa zinaingia, na hukusema?"

Nanyama aliweka simu yake juu ya dawati. "Ya kwanza nilitaka kuamini ni likizo. Hapo nilikosea. Ya pili nilisema. Tarehe mbili Aprili, asubuhi. Simu iko hapa unaweza kuona."

"Ulizungumza na nani?"

"Na Kitavi."

Lilikuwa limetoka. Alisubiri Debra achukue kalamu. Debra hakuchukua.

"Najua," alisema. "Alikuja leo saa moja asubuhi, kabla hata sijaweka mkoba chini. Aliniambia yote. Ile simu, na vile alivyokwambia usiseme kwa mtu. Nilitaka kusikia kama maneno yenu yatalingana."

Nanyama alitazama dirishani, ambako nguo za mtu zilikuwa zimeanikwa kwenye roshani ya jengo la pili, kisha akauliza, "Atafutwa?"

"Hilo ni la Gichuru. Lakini mtu akija mwenyewe ni tofauti na kushikwa."

Walipiga hesabu pamoja, Debra kwenye kompyuta, Nanyama kwa kalamu, na mara moja Nanyama ndiye aliyegundua kosa. Likizo, baada ya makato yake, ilikuwa elfu ishirini na tano na mia moja. Zile za Aprili angezirudisha siku hiyo hiyo. Zingebaki elfu ishirini na tisa, mia tisa na themanini, na walikubaliana alipe elfu tano kila mwezi kuanzia Juni. Debra aliandika barua mpya. Nanyama aliomba sentensi moja iongezwe: kwamba mfanyakazi aliarifu ofisi kuhusu kosa hilo mwezi wa Aprili.

"Ni muhimu?" Debra aliuliza.

"Kwangu ni muhimu."

Iliongezwa.

Alipokuwa akitoka, Gichuru alimwita kutoka mlango wa ofisi yake. Alikuwa amesikia. Alimwambia kwa ukarimu kwamba hakuna haja ya kuhangaika na elfu tano tano. Arudi tu msimu wa Novemba hadi Januari, akate nguo bila malipo, deni liishe. Huyu kijana Jamleck bado mkono wake haujakomaa.

"Asante, boss," Nanyama alisema. "Lakini nikirudi kwa ile meza sitatoka tena. Wacha nilipe."

Hakumwona Kitavi siku hiyo. Kiti chake kilikuwa wazi na kompyuta imezimwa.

Zile elfu tano zilikuwa nzito kuliko alivyofikiri. Julai alishona mapazia ya ukumbi mzima wa kanisa kwa bei ya kutupa ili zipatikane. Septemba Sammy, ambaye hakuwahi kusema amebadilisha mawazo, aliacha elfu mbili chini ya kopo la majani chai, akaenda kazini mapema. Mara moja tu alichelewa kulipa, siku tatu, akampigia Debra kabla Debra hajampigia. Mwezi wa Novemba alituma ya mwisho, na siku hiyo hiyo akaletewa barua kwamba hadaiwi kitu. Aliisoma, akaitia kwenye bahasha ya vyeti, akarudi kumalizia koti la mteja aliyekuwa akingoja.

Habari za Kitavi alizipata kwa wasichana wa cherehani. Hakufutwa. Aliondolewa kwenye mishahara na kupelekwa ghala la kiwanda, chini kabisa, mahali pa vitambaa, nyuzi na vifungo. Mshahara wake ulipunguzwa kidogo. Nanyama alimtumia salamu mara mbili kwa simu. Zilisomwa.

Desemba, zikiwa zimebaki wiki tatu shule zifunguliwe, shule moja ndogo ya Dagoretti ilimpa kazi ya sare sitini. Ni kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Alihitaji nyuzi za kijani kibichi, na rangi ile haikupatikana popote isipokuwa kwenye ghala la Gichuru, ambalo liliuza kwa mafundi pia. Alizunguka maduka mengine ya Ngara mchana mzima kabla ya kukubali kwamba lazima aende huko.

Kitavi alikuwa nyuma ya kaunta, miwani kwenye paji la uso, akihesabu mabunda ya kitambaa. Alikuwa amekonda kidogo. Alimwona, akamaliza kuhesabu mstari aliokuwa nao, akaandika, ndipo akaja.

"Nanyama."

"Mzee. Habari ya siku nyingi?"

"Tuko." Alifuta mikono kwenye sweta. "Nyumbani wazima?"

"Wazima. Na mwanachuo?"

"Anaingia mwaka wa tatu." Aliweka kalamu kaunta. "Ile siku nilikasirika sana. Nilifika nyumbani nikamwambia mama watoto kwamba Kitui nzima itasikia vile umenifanya. Akaniuliza, 'Amekufanya nini hasa?' Asubuhi nikaenda kwa Debra. Hata sasa wakati mwingine nakasirika, si uongo."

"Sawa," Nanyama alisema. "Ningekuwa wewe pia ningekasirika."

Kitavi alitikisa kichwa, si kukubali wala si kukataa. "Unataka nini?"

"Nyuzi. Kijani kibichi, koni kumi na mbili."

Nanyama alinyoosha mkono kwenye rafu ya juu, ambako koni zilikuwa zimepangwa, zinang'aa ndani ya plastiki. Kitavi aliangalia nyuma yake kuona kama kuna mtu, kisha akainamia kaunta.

"Wacha hizo," alisema kwa sauti ya chini. "Zimekaa hapo kwa jua tangu mwaka jana, zitakukatikia kwa mashine. Ngoja."

Alipiga magoti kwa shida, akafungua boksi jipya chini ya rafu, na kuanza kumhesabia koni moja moja.